Kikombe kimoja, majina kumi: asetabulamu, kaliksi, kupula, siathiamu, sifusi. Kuna kanuni au ni fujo tu?

#1 Mpasua Jani
Wakuu, salaam. Naweka dai, anayeweza kulivunja alivunje.

Wanabiolojia wakikuta kitu chenye umbo la kikombe kidogo, hawakubali kukiita kwa jina lililopo. Tundu la nyonga ni asetabulamu, na ndani ya kinyonyeo cha pweza kuna asetabulamu nyingine. Ua lina kaliksi, figo lina kaliksi. Kokwa la mwaloni limekalia kupula, na ndani ya sikio kuna kupula. Euphorbia, mmea wa utomvu mweupe, ina siathiamu, likeni (kuvu na mwani walioungana) ya Cladonia ina sifusi, mfupa wa bawa la ndege una kotile. Umbo ni lilelile: kitako, ukuta, ukingo, na uwazi juu.

Nasema tofauti za majina haya hazina maana yoyote ya kisayansi. Anayepinga anipe kanuni inayotumika: nikikutana kesho na kikombe kisichokuwa na jina, nitachaguaje kati ya haya?

#2 Fundo la Tawi
Napata kiti cha mbele kabla wazee wa Kilatini hawajafika.

#3 Upawa
Tumefika. Kanuni ipo, na inatoka kwenye vyombo vyenyewe. Acetabulum kilikuwa kikombe cha siki mezani kwa Warumi, kifupi na kipana, na pia kipimo cha robo ya hemina, yaani mililita 68 hivi. Cyathus ulikuwa upawa wa kuchotea divai, mililita 45 hivi. Cupula ni udogo wa cupa, yaani pipa. Skyphos ya Wagiriki ni kikombe kirefu cha kunywea, chenye mikono miwili. Kotyle ni kikombe na pia kipimo.

Kwa hiyo tazama kina dhidi ya upana. Kilicho kifupi na kipana ni asetabulamu, chenye kuta ndefu ni sifusi au kupula. Mwanzoni majina yalifuata umbo. Yalipofika mikononi mwa watu wasiojua vyombo ndipo yakachanganywa.

#4 Mpasua Jani
@Upawa, sasa tundu la nyonga ya binadamu ni karibu nusu tufe, na ukingo wake wa gegedu, yaani labramu, unalizidisha kina. Hicho ndicho kikombe kifupi?

#5 Nyonga na Paja
Mkuu #3, jina la nyonga ni la kale kuliko hiyo nadharia ya vyombo vya mezani. Katika Iliadi, shairi la vita la Homeri, kitabu cha 5, shujaa Diomedes anamponda Aineas kwa jiwe pale fupapaja linapozunguka, na shairi lenyewe linasema mahali hapo watu hupaita kotyle. Warumi walibadilisha chombo, wazo likabaki. Tena Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, alitumia acetabulum kwa tundu la nyonga, kwa vinyonyeo vya pweza na kwa kikombe cha ua, vyote vitatu. Karne ya kwanza tu neno moja lilishabeba wanyama na mimea.

Kuhusu muundo: asetabulamu ya binadamu hujengwa na mifupa mitatu, iliamu na iskiamu zikichangia takriban sehemu mbili za tano kila mmoja, pubisi sehemu moja ya tano. Mtoto ana gegedu yenye umbo la Y katikati. Uso unaobeba uzito si kikombe kizima, ni hilali tu ya gegedu laini. Kitako chenyewe kina mafuta na ligamenti. Ukisoma picha ya eksirei ukadhani kichwa cha paja kinagusa kitako kizima, utaona ugonjwa usiokuwepo.

#6 Pweza Mkavu
Nawashukuru kwa historia, ila kwa pweza mmerahisisha mno. Kinyonyeo chake ni vyumba viwili. Cha nje, kinachogusa mwamba, ni infundibulamu: sahani pana yenye mifereji midogo, ngozi laini inayojaza mikwaruzo ya mwamba ili maji yasipite. Cha ndani ndiyo asetabulamu, na kati yao pana tundu jembamba. Misuli ya ukuta wa asetabulamu inapokaza, ukuta hupungua unene na chumba hutaka kupanuka. Maji hayapanuki kirahisi, hivyo shinikizo linashuka sana kwa badiliko dogo la ujazo. Ndiyo maana kinashika.

Kwa hiyo kinachoonekana kama kikombe kwa macho si asetabulamu hata kidogo. Anayepima kipenyo cha ukingo wa nje na kuandika "kipenyo cha asetabulamu" amepima kitu kingine. Na msichanganye na ngisi: chake kimesimama juu ya kikonyo na kina pete ngumu yenye meno. Cha pweza hakina kikonyo, hakina pete.

#7 Mpasua Jani
Yaani Plinius yupo upande wangu. Asante #5.

#8 Tegu
Ongezeni minyoo. Minyoo bapa kama ya ini ina kinyonyeo cha mdomoni na cha tumboni, na cha tumboni huitwa asetabulamu. Hakina njia yoyote ya chakula, ni nanga tu. Wa kwanza walioona matundu mawili wakaipa jina Distoma, midomo miwili, na kosa hilo likadumu kwenye vitabu muda mrefu.

Kwa tegu, kichwa cha Taenia kina vinyonyeo 4. Taenia solium ina pia kulabu 22 hadi 32 katika duara mbili, Taenia saginata haina kulabu. Diphyllobothrium haina vinyonyeo kabisa, ina mifereji miwili mirefu iitwayo bothria. Mtu akiandika "vinyonyeo vya Diphyllobothrium" ujue hajaitazama.

Anayetaka kuvipima vinyonyeo amwache mnyoo alegee kwenye maji baridi kabla ya kumtia dawa ya kuhifadhi. Ukimtupa kwenye fomalini akiwa hai, misuli inakaza, kinyonyeo kinajifunga na kikombe kinageuka kinundu. Kama una kifuko cha lava tu, kichwa kimejigeuza ndani. Kiweke kwenye nyongo iliyochanganywa na maji ya chumvi, nyuzi 37, kitatoka chenyewe kama bado ni hai. Vaa glavu ukishika pingili zilizokomaa za T. solium, mayai yake yanamwambukiza binadamu moja kwa moja.

#9 Herufi Moja
Tatizo kubwa zaidi ya asetabulamu ni kaliksi, na hakuna aliyeligusa. Kuna maneno mawili hapa. Calix ya Kilatini, yenye i, ni kikombe. Kalyx ya Kigiriki, iliyoingia Kilatini kama calyx, ni ganda au kifuniko cha chipukizi la ua, na wengi huihusisha na kitenzi cha kufunika. Kaliksi ya ua inatoka kwenye ganda. Kaliksi ya figo ilikusudiwa kikombe, na orodha rasmi ya istilahi za anatomia ya 1998 inaiandika calices renales kwa i, ingawa waganga wengi wanaandika kwa y. Wingi nao unafuata: calices kwa vikombe, calyces kwa maganda. Udogo pia: caliculus ni kikombe kidogo, kama cha chembe za ladha ulimini, calyculus ni ganda dogo la nje ya kaliksi.

Kwa hiyo, mleta uzi, hukuhesabu majina ya kikombe tu. Umechanganya na majina ya kifuniko.

#10 Sepali Tano
Nakazia #9. Kaliksi ya ua haihitaji kuwa kikombe. Kwenye haradali sepali, yaani vijani vya nje vya ua, ni 4 na zimeachana kabisa, bado ni kaliksi. Inafafanuliwa kwa nafasi: mzunguko wa nje kabisa wa ua. Umbo halihusiki.

Kikombe halisi kwenye ua mara nyingi ni haipanthiamu, ile bakuli ambayo sepali, petali na stameni (viungo vya kiume) zinaonekana kuota ukingoni mwake, kama kwenye waridi. Jinsi ya kuitofautisha: pasua ua kwa wima katikati kwa wembe mpya (wembe butu unaponda ovari na utaona kikombe kisichokuwepo), kisha fuata stameni hadi mwanzo wake. Ikiwa zimeshikwa chini kabisa kwenye kitako cha ua na kikombe ni cha sepali peke yake, ni kaliksi iliyoungana. Ikiwa zinaanzia ukingoni, ni haipanthiamu.

#11 Fundo la Tawi
@Sepali Tano hiyo bakuli yenyewe imetoka wapi? Ni sepali, petali na stameni zilizoungana chini, au kitako cha ua kilichoinuka pembeni?

#12 Sepali Tano
Swali zuri, na majibu yote mawili yapo kutegemea mmea. Hutazamwa mirija ya maji na chakula. Kama mirija ya kila kiungo inapanda sambamba ukutani, ni viungo vilivyoungana. Kama mirija inapanda hadi juu halafu mingine inarudi chini ikiwa imegeuka, zailemu (ya maji) mahali pa floemu (ya chakula), basi kitako cha ua ndicho kilichojibonyeza. Kwenye Calycanthus mirija inageuka. Kwenye mimea mingi mingine haigeuki. Na wapo wanaosema mirija si ushahidi wa asili, kwa kuwa inafuata tu mahali homoni zinapopita wakati kiungo kinakua. Mjadala huo haujafungwa.

#13 Chembe Mbili
Hapo ndipo kanuni ilipo: kikombe kimejengwaje. Njia ni tatu. Ya kwanza, ukuta unajibonyeza ndani, kama kikombe cha jicho kwenye kiinitete. Ya pili, vipande vilivyotengana vinaungana pembeni, kama kaliksi iliyoungana. Ya tatu, pete moja inaota kuzunguka kitu kilichopo na kupanda juu. Kila njia inaacha alama. Cha kwanza kina kuta mbili. Cha pili kina meno ukingoni, idadi ya vipande vilivyoungana. Cha tatu kina ukuta mmoja na ukingo mzima.

Mfano wa jicho: wiki ya 4 na ya 5 kifuko cha jicho kinajibonyeza na kuwa kikombe cha tabaka mbili. La nje ni la rangi, la ndani litakuwa retina. Nafasi kati ya tabaka hizo haifungwi kwa gundi yoyote imara, na retina ikibanduka ukubwani ndipo inapobandukia. Chini ya kikombe kuna ufa unaopaswa kufungwa wiki ya 6 hadi ya 7. Usipofungwa, mtu huzaliwa na pengo kwenye mboni au retina, karibu kila mara chini upande wa pua, kwa sababu ndiko ufa ulikokuwa.

#14 Lenzi Kumi
Mkuu #13, tahadhari kwa wasomaji: "kikombe" cha wapima macho si hicho. Wao wanamaanisha shimo jeupe katikati ya diski ya neva ya jicho kwa mtu mzima, na uwiano wake na diski. Mara nyingi uwiano ni kama 0.3. Tofauti ya 0.2 au zaidi kati ya macho mawili ya mtu mmoja, au shimo linalorefuka kwa wima, humfanya mpimaji atafute glakoma. Diski kubwa ina shimo kubwa kiasili, hivyo namba peke yake bila ukubwa wa diski inapotosha. Vikombe viwili, jicho moja, jina moja. Mleta uzi analalamika majina mengi, huku kwetu tunalia na machache.

#15 Figo Mbili
Na kwa figo, sheria ya #13 haikai. Kaliksi ndogo, 7 hadi 13 kwa kawaida, hutokana na matawi ya chipukizi la mrija wa mkojo. Ncha ya tawi ni mrija uliofunguka, kisha papila, ncha ya nyama ya figo inayotoa mkojo, inasukuma ndani yake. Je, ni kujibonyeza au ni ukingo kuota kuzunguka papila? Vyote viwili kwa pamoja.

Umbo lenyewe lina kazi ya kitabibu. Kaliksi yenye afya kwenye picha ya eksirei iliyopigwa kwa dawa ya kung'arisha ina pembe kali pembeni na kitako kilichoingia ndani pale papila inapokaa. Mkojo ukizuiwa chini, kwanza pembe zinakuwa butu, kisha kitako kinanyooka, mwisho kinatokeza nje kama kirungu. Anayesoma picha aanze na pembe, ndizo zinazoharibika mapema. Kwenye ncha mbili za figo papila kadhaa huungana, na matundu yake hayafungwi vizuri shinikizo likipanda, ndiyo maana makovu ya mkojo kurudi nyuma huanzia huko.

Kifuko cha Bowman nacho, kinachozunguka kichujio cha figo na kilichoelezwa mwaka 1842, ni kikombe cha kuta mbili. Kikaitwa kapsuli, yaani kisanduku. Sijui kwa kanuni ipi ya #3.

#16 Upawa
Kapsuli haiko kwenye orodha yangu, @Figo Mbili, usinibebeshe. Ila nashikilia: kina na upana vilianza, kazi zikafuata.

#17 Kuvu la Kinyesi
Mimi nasema kazi ndiyo inayogawa. Tazameni vikombe vya kurushwa na mvua. Uyoga wa Cyathus ni kikombe cha chini ya sentimita 1 mdomoni kwa kawaida, na ndani yake vidonge vidogo vyenye spora. Tone la mvua likiingia, maji yanapanda ukutani na kutoka na vidonge. Mtafiti wa kuvu Harold Brodie alionyesha kwamba ukuta una mwinamo wa nyuzi 60 hadi 70 kutoka usawa wa ardhi, na vidonge vinaweza kufika karibu mita 1. Ukuta ukiwa wima, maji yanarudi juu na kuangukia palepale. Ukiwa bapa, yanatawanyika bila nguvu.

Kila kidonge kina kifuko chenye uzi uliokunjwa. Kikiruka, kifuko kinapasuka, uzi unanyooka, ncha yake yenye gundi inashika jani na kidonge kinazungukwa hadi kinafungwa hapo. Kwa Cyathus stercoreus, anayeota kwenye samadi, jani hilo likiliwa spora zinapita tumboni na kutoka mahali sahihi.

Kikombe kikiwa kichanga kina ngozi juu. Usitafute vidonge kabla haijapasuka, utaona kitu kama ngoma ndogo na kudhani ni jamii nyingine. Nidularia ni wa familia hiyohiyo lakini hana uzi, na ganda lake linapasuka ovyo tu, halifanyi kikombe safi.

#18 Maji Yasimame
Marchantia, mmea mdogo bapa usio na maua, inafanya vilevile bila kuwa na undugu wowote na kuvu. Vikombe vyake viko juu ya mwili wa mmea, kando ya mshipa wa kati, na ndani yake kuna jema, vipande bapa vya karibu nusu milimita vyenye vipengo viwili pembeni. Kila jema limeshikwa na chembe moja tu ya kikonyo. Ute wa kitakoni unavimba ukilowa na kuzisukuma. Jema halina juu wala chini mpaka lianguke: upande utakaolala ndio utakaotoa nyuzi za kushika udongo. Lunularia, mmea unaofanana nayo, ina nusu ya ukuta tu, hilali, na kwa hilo pekee unazitofautisha bila hadubini.

Anayetaka kuzikuza: chakula cha Gamborg B5 nusu nguvu, agari asilimia 1, nyuzi 22, mwanga mfululizo usio mkali. Panda kwa nafasi. Zikisongamana au zikibaki kikombeni hazioti, mmea mama unazizuia.

#19 Mpasua Jani
Kwa hiyo #17 na #18 mmenipa vikombe viwili vyenye kazi moja na umbo moja, na kimoja kinaitwa kikombe cha jema na kingine, kile cha uyoga, peridiamu. Endeleeni kunisaidia.

#20 Jiwe lenye Ukoga
@Mpasua Jani kwenye #1 umeweka sifusi ya Cladonia pamoja na vikombe vingine, na kuna watu watadhani ni sawa na apothesia. Sivyo. Apothesia ni tunda la kuvu: sahani au bakuli iliyotandikwa ndani mifuko ya spora. Kuvu aitwaye Peziza ni apothesia tupu, na ukiipulizia kidogo mifuko inafyatuka kwa pamoja na unaona moshi. Sifusi ya Cladonia ni upanuzi wa ncha ya kishina, haina mifuko ya spora ndani. Apothesia zake, za kahawia au nyekundu, hukaa juu ya ukingo wa sifusi. Kikombe kimebeba vikombe. Ndani ya sifusi mara nyingi kuna unga wa soredia, yaani mwani na kuvu pamoja, nao hurushwa na matone.

Na kuna esia ya kutu ya ngano, kuvu wa ugonjwa aitwaye Puccinia graminis: vikombe vidogo vya njano chini ya jani la kichaka cha Berberis, vilivyopasua ngozi ya jani kutoka ndani. Mtaalamu wa kuvu de Bary alionyesha mwaka 1865 kwamba kutu ya Berberis na ya ngano ni kiumbe kimoja. Hivyo ni vya kuvu lakini si apothesia wala sifusi. Spora zake zina viini viwili kila moja na haziwezi kushambulia Berberis tena, ngano tu na nyasi za jamaa yake.

#21 Utomvu Mweupe
Sasa siathiamu, kwa kuwa imetajwa tu na kuachwa. Mwanabotania Linnaeus aliiona kama ua moja. Pasua uone: katikati ua moja la kike, pistili (kiungo cha kike) juu ya kikonyo. Kuzunguka, makundi 5 ya maua ya kiume, kila ua likiwa stameni moja. Nje, brakti (vijani vya chini ya ua) 5 zilizoungana kuwa kikombe, ukingoni tezi, mara nyingi 4 au 5. Ushahidi kwamba kila stameni ni ua zima uko kwenye kiungo: katikati ya kile kinachoonekana uzi wa stameni kuna fundo. Chini ya fundo ni kikonyo cha ua, juu yake ndiyo stameni. Kwenye Anthostema, jamaa wa Euphorbia, pale kwenye fundo kumebaki ganda dogo la ua. Mwanabotania Robert Brown alitumia hilo kufunga kesi.

Haikufungwa kabisa. Wapo wanaosema siathiamu imekuwa kitu cha kati, si ua wala shada la maua. Lakini jina lina kazi: ukisema siathiamu umesema brakti, tezi, ua moja la kike na stameni zenye fundo. Neno "kikombe" halisemi hata kimoja.

Ukipasua, osha utomvu mara moja na usiguse macho.

#22 Gome
Kupula ya mwaloni kwa kifupi, maana watu wanadhani ni kaliksi. Tafuta kaliksi halisi: iko kwenye ncha ya kokwa, mabaki madogo yanayozunguka staili, yaani vijiti vya juu ya ovari. Ovari iko chini ya ua, hivyo kikombe kilicho chini ya kokwa hakiwezi kuwa sepali. Kwa Quercus, yaani mwaloni wenyewe, kokwa ni moja kwa kikombe. Kwa Fagus, mti jamaa yake, kikombe kinapasuka vipande 4 na kokwa ni 2. Kwa Castanea, jamaa mwingine, ni lile ganda la miiba. Ni nini basi? Wengine wanasema brakti zilizoungana, wengine matawi ya shada yaliyogumba na kujikunja, na magamba ndiyo majani yake. Kokwa nyingi ndani ya kikombe kimoja zinaelemea upande wa matawi. Kikombe cha Lithocarpus, naye wa familia hiyo, kimoja kwa kila kokwa hata zikiwa zimeshikana, kinasumbua pande zote mbili.

#23 Devoni
@Gome neno hilohilo linatumika kwa mbegu za kale. Elkinsia, kisukuku cha mmea wa West Virginia, cha mwisho wa kipindi cha Devoni, miaka milioni 365 hivi iliyopita, ina ovyuli (mbegu changa) ndani ya kupula ya vijitawi vilivyogawanyika. Haina undugu wa kimuundo na ya mwaloni. Kupula ya Caytonia, mmea mwingine wa visukuku, nayo wengine wanaiona kama chanzo cha tabaka la nje la ovyuli ya mimea ya maua. Ukisoma "kupula" bila kujua mwandishi ni wa visukuku au wa misitu umepotea.

#24 Mfereji Nusuduara
Na ya sikio haishiki kitu, haichoti kitu. Ni jeli iliyoziba upana wote wa mfereji na nywele za chembe zimepenya ndani yake. Kichwa kikigeuka, majimaji yanabaki nyuma na kuisukuma. Uzito wake kwa ujazo ni karibu sawa na wa majimaji, kwa hiyo haihisi mvutano wa ardhi. Pombe inaingia kwenye jeli kabla ya kuenea kwenye majimaji, kupula inakuwa nyepesi, na ukilala chumba kinazunguka. Baadaye inatoka kwanza kwenye jeli, na kizunguzungu kinarudi kwa upande mwingine. Chembe za chokaa zikinata juu yake, kama daktari wa masikio Schuknecht alivyoeleza mwaka 1969, inakuwa nzito.

Umbo lake ni kuba. Pipa lililopinduliwa, ukitaka kumfurahisha #3.

#25 Zizi
Wenye mifugo wasisahaulike. Kotiledoni ya kondo la nyuma imetoka kwenye kotyle, na swali la nani ni kikombe linageuka. Kwa ng'ombe kinundu cha mama kimetokeza nje na kotiledoni ya ndama inakifunika. Viko 75 hadi 120. Kwa kondoo kinundu cha mama kimeingia ndani, chenyewe ndicho kikombe, na kotiledoni inazama humo. Anayejaribu kutenganisha kondo lililokwama kwa ng'ombe kwa mbinu ya kondoo atararua.

Farasi jike mwenye mimba ana vikombe vya endometria, yaani ukuta wa ndani wa mji wa mimba, vinavyojengwa na chembe za kiinitete kuanzia siku ya 36 hadi 40 na kutoa homoni eCG hadi karibu siku ya 120. Mimba ikiharibika baada ya vikombe kuwepo, homoni inaendelea na jike harudi joto kawaida. Ndiyo maana mapacha huondolewa mapema, kabla ya siku hizo.

#26 Nyonga na Paja
Kikombe kisicho na kitako je? Kwa dinosaria na ndege asetabulamu ni tundu lililopita upande wa pili. Jina halikubadilika.

#27 Mpasua Jani
@Nyonga na Paja hapo umemmaliza @Upawa. Asetabulamu isiyoweza kubeba siki.

#28 Gamba na Chumvi
Matumbawe: koralaiti ni kikombe kizima cha chokaa cha polipu mmoja, kalisi ni uso wake wa juu ulio wazi. Kipenyo cha kalisi hupimwa kutoka ukuta hadi ukuta. Ukipima hadi mwisho wa mbavu za nje umeongeza kitu na jedwali la utambuzi litakupeleka kwenye spishi nyingine. Chagua zilizokomaa, acha za ukingoni mwa koloni.

Kwa krinoidi, wanyama wa baharini jamaa wa kiti cha pweza, nako kuna ugomvi: wengine husema kaliksi wakimaanisha mabamba yote pamoja na paa, wengine bila paa. Salama ni kuandika "kikombe cha chini" kwa mabamba yaliyo chini ya mikono huru, halafu useme kama duara za mabamba ni mbili au tatu.

#29 Mwanzo wa Ukurasa
Ahsanteni. Swali la mwandishi: ninapoeleza spishi mpya, kuna sheria ya istilahi hizi?

#30 Herufi Moja
Hakuna. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama na ya mimea zinahusu majina ya viumbe, si ya viungo. Orodha za anatomia zipo kwa binadamu, mifugo na ndege. Ya ndege ndiyo inayotumia cotyla. Kwingine fuata desturi ya kundi lako, na mara ya kwanza neno linapotokea eleza: liko wapi, limejengwa na nini, linashika nini, na umepima kutoka wapi hadi wapi.

#31 Chembe Mbili
Na limejengwaje. Nashikilia.

#32 Kuvu la Kinyesi
Na linafanya nini. Nami nashikilia.

#33 Fundo la Tawi
@Jiwe lenye Ukoga, nina Cladonia mbili mezani, zote zina sifusi. Moja ina unga laini, nyingine chembe kubwa kubwa. Kuna zaidi ya hapo?

#34 Jiwe lenye Ukoga
Tazama kwa lenzi ya 10x ndani ya kikombe, si nje. Unga kama wa ngano hadi kitakoni na kikombe chembamba chenye kishina kirefu: elekea C. fimbriata. Chembe zenye ngozi ngumu, kama magamba madogo, na kikombe kipana: C. pyxidata. Chembe laini za kati: C. chlorophaea, na hapo utahitaji kemia. Kisha angalia kitako: kikiwa na tundu linaloingia ndani ya kishina, umetoka kwenye kundi hili, jaribu C. crispata. Ukitumia parafenilenidiamini, dawa ya kupimia kemia ya likeni, weka tone dogo kwenye kipande kilichokatwa, si kwenye sampuli nzima. Hugeuka jekundu kwa zote tatu za kwanza kwa kawaida, kwa hiyo haitakusaidia kuzitenganisha. Vaa glavu, dawa hiyo ni sumu na doa lake halitoki.